Keki Kumi na Nne na Uongo wa Nyongo

Na kanisa halikuanguka, mpendwa Bibi Thyra! Majira ya kuchipua niliiandikia safu yako ya gazetini nikilia kwamba nimepungua kilo hamsini na moja na sasa ngozi ya mikono yangu inaning'inia kama pazia, ukanijibu, "Vaa gauni lisilo na mikono, binti, tuone kama kanisa litaanguka," nami nikalivaa, nikaingia nimeshikwa mkono na baba, mnara ukabaki palepale, na Nis wangu, mwanamume mrefu kama mlango anayeendesha lori la maziwa, alipogeuka akaniona machozi yakamtoka mbele ya mchungaji, kisha jioni nzima wageni wakagonga sahani kwa visu ili tubusiane, tukabusiana mpaka supu ikapoa, na leo ni wiki ya saba na bado kila asubuhi naitazama pete yangu kama mtoto aliyeamkia zawadi.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia kwa huzuni. Nina furaha hadi naona haya. Ila naomba msaada, tena wa haraka, kwa sababu nilisema uongo, na uongo wangu sasa unaiva kwenye oveni ya mama mkwe.

Unajua kwamba mwaka mmoja na miezi minne iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Nis alijua kila kitu. Alinipenda nikiwa na kilo mia moja ishirini na tisa, kwenye kwaya, yeye sauti nzito nyuma, mimi sauti ya pili mbele, na siku ya upasuaji alikaa kwenye korido tangu alfajiri akifuma soksi, ndiyo, anafuma, na soksi zenyewe ninazo, moja ndefu kuliko nyingine kwa sababu nilichelewa kutoka. Lakini mama yake, Gunhild, hakuambiwa. Mimi ndiye niliyekataa. Niliogopa aseme mwanawe amepata mke wa njia ya mkato. Nis akaniambia, "Hazina yangu, mama haumi mtu." Nikamjibu, "Haumi, lakini anatazama." Basi tukamwambia nimetolewa mawe ya nyongo.

Bibi Thyra, laiti ningechagua ugonjwa mwingine! Gunhild ni mtu wa vitendo. Alisikia mahali kwamba mwenye nyongo mbovu mafuta ni sumu kwake, basi kila tukienda kwake anaondoa mbele yangu jibini, soseji, samaki wa moshi, hata yai, yaani vile vyote ambavyo hospitali waliniambia nianze navyo, halafu ananisogezea mkate mweupe, jamu na jagi la juisi tamu. "Kula, mwanangu," ananiambia, "hapo hakuna mafuta hata tone!" Na macho yake yanang'aa kwa upendo mpaka naumega ule mkate.

Jumapili ya kwanza baada ya fungate alinitengenezea keki yangu peke yangu. Ya ute wa yai na sukari, basi, hakuna kingine, nyeupe kama gauni langu, akaiandikia jina langu juu. Ningefanyaje? Nilikula kipande kizima. Haikupita robo saa moyo ukaanza kwenda mbio, jasho la baridi likanitoka, nikajikuta nimelala sakafuni chooni kwake shavu langu likiwa kwenye marumaru. Nje ya mlango nikamsikia, "Nis! Ni ile nyongo tena! Mletee juisi!"

Jumapili iliyofuata nikawa mjanja. Aliandaa keki ya mkate mweusi, ile ya matabaka ya krimu na jamu, ya Nis na ya wengine, na kwangu akaweka vipande vitatu alivyokwangua krimu yote akapaka jamu maradufu. Kila alipokwenda jikoni mimi nafunga kipande kwenye leso ya karatasi, natia mkobani. Wakati wa kuondoka akaniletea koti na mkoba kwa mikono yake mwenyewe, na jamu ikaanza kudondoka kutoka kwenye kona ya mkoba, tone, tone, kwenye viatu vyake vya nyumbani. Akatazama chini. Akautazama mkoba. Akasema polepole, "Kumbe keki zangu huenda matembezini."

Nilitamani ardhi inimeze. Nis akacheka, mwanamume yule hana adabu, akacheka mpaka akashika ukuta. Gunhild hakucheka. Alinifunga vifungo vya koti kimoja kimoja kama mtoto, akasema, "Jumapili ya mwisho ya mwezi nawaandalia meza ya kahawa ya maharusi. Keki saba laini, saba ngumu za biskuti. Shangazi wote wanaoka. Safari hii, mwanangu, uje bila mkoba."

Wewe ni wa huku, huna haja ya kuelezwa. Keki kumi na nne, na mgeni huonja zote, sembuse bibi harusi! Shangazi Metha bado anamtaja mtu aliyeruka biskuti zake za pilipili manga mwaka 1988, na mtu huyo alishakufa.

Na hapo ndipo swali langu lenyewe lilipo. Tulipotoka fungate mizani ilionyesha kilo mbili zaidi. Mbili! Niliona kilo zote hamsini na moja zimejipanga mlangoni zinabisha hodi. Mwanamke mmoja kwenye kikundi cha mtandaoni akaniandikia, "Aliyefanyiwa upasuaji akila wanga anajichimbia kaburi. Wanga sifuri, maisha yote." Basi nikakata. Sasa ni wiki ya tatu bila mkate mweusi, bila kiazi, bila uji wa shayiri, hata karoti naitilia shaka. Kilo moja imeondoka, ndiyo, lakini choo kimekuwa kigumu, nywele zinabaki kwenye chanuo, na juzi kazini, kwenye nyumba ya vioo tunakooteshea maua, nilisimama ghafla nikaona miche yote inacheza dansi. Jana nilishuka kwenye baiskeli ukingoni mwa mfereji kwa sababu barabara ilikuwa inaondoka.

Na Nis, huyu malaika, naye ameacha viazi ili nisijisikie mpweke. Mtu wa huku bila viazi, Bibi Thyra! Jumanne nilimkuta karakanani amesimama gizani nyuma ya baiskeli, anakula kiazi baridi kwa mkono kama mwizi. "Nilikuwa naangalia kama kimeharibika," akaniambia. Nilimpenda hadi nikalia.

Niambie basi. Nikate wanga moja kwa moja, au nile, na nikila ni kiasi gani? Na siku ile mezani nifanye nini mbele ya shangazi sita na mama mkwe niliyemdanganya mwaka mzima, na ambaye nampenda? Chapisha ukitaka, ila ubadili majina, maana Gunhild husoma safu yako kabla hata ya kumimina kahawa. Na wewe mwenyewe umekaribishwa mezani, kwa moyo wangu wote, maana bila wewe ningeolewa nimejifunika shuka.

Wako mwenye furaha na kizunguzungu,
Mke wa Nis

*

Mke wa Nis,

Hongera. Nimeisoma barua yako nikicheka hadi nikamwaga chai, na nilipofika ukingoni mwa mfereji nikaacha kucheka.

Tuanze hapo. Kizunguzungu kazini, kizunguzungu kwenye baiskeli, nywele kwenye chanuo, na wewe unaniandikia mimi? Mimi naandika gazetini, binti. Leo hii piga simu kwenye kliniki iliyokufanyia upasuaji, uwaambie yote kama ulivyoniambia, uombe kupimwa damu. Baiskeli iache hadi wakuruhusu. Mume wako ana lori. Na vile vidonge vya vitamini ulivyopewa, ambavyo katika barua ndefu namna hii hukuvitaja hata mara moja, unavimeza? Nilidhani huvimezi. Vimeze. Ni vya maisha.

Sasa wanga. Kabla ya kukujibu nilimpigia mtaalamu wa lishe ambaye amewahudumia watu wa upasuaji huu miaka mingi, kwa sababu kwenye jambo la mwili wa mtu sitaki kubahatisha kama yule rafiki yako wa mtandaoni. Aliguna mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Hakuna aliyekuambia ukate hadi sifuri, akasema, na wengi wanaojaribu huishia kama wewe. Punguza, ndiyo, futa, hapana. Tumbo lako sasa ni dogo kama kikombe cha kahawa, kwa hiyo kinachogombaniwa ni nafasi. Wa kwanza kuingia ni protini: samaki, yai, kuku, jibini, maziwa ya mgando. Baada yake mboga. Nafasi inayobaki ndiyo ya wanga, na uwe wanga wenye kazi: nusu kipande cha mkate mweusi, kiazi kimoja kidogo, vijiko vichache vya uji wa shayiri. Utafune hadi uchoke. Usinywe wakati wa kula, ngoja nusu saa. Juisi tamu iondoke kabisa maishani mwako. Iliyokulaza kwenye marumaru ni sukari tupu iliyoshuka kwa kishindo. Kiazi hakina hatia. Usimfunge jirani kwa kosa la mwizi.

Na kilo mbili baada ya fungate? Ulitaka urudi na nini, ukurutu? Mwili uliopungua kilo hamsini na moja hupanda kidogo, hushuka kidogo, hutafuta pa kukaa. Zikija tano, sita, uende kliniki mapema mkazitazame pamoja. Mbili ni za furaha, ziache zikae. Na mpe mume wako viazi vyake kabla hajaanza kuvitafuta kwa majirani.

Nimemaliza yaliyo rahisi.

Lililo gumu ni nyongo. Unaniuliza ufanye nini mezani, kana kwamba tatizo ni keki. Yule mama amesimama jikoni mwaka mzima akipambana na ugonjwa ambao huna. Amekuondolea samaki, amekuondolea yai, amekukwangulia krimu kwa kisu, kwa upendo, na kila alichofanya kimekuumiza, kwa sababu wewe ulimpa ramani ya uongo. Unaogopa atakutazama. Ameshakutazama, binti! Aliona jamu kwenye viatu vyake, akakufunga vifungo vya koti. Mtu anayetaka kukuaibisha hafungi vifungo. Yule anajua kuna jambo, na anangoja umwambie. "Uje bila mkoba" maana yake nini, unadhani?

Na hilo la njia ya mkato wasimulie wengine. Mtu aliyepasuliwa, akajifunza kula upya kijiko kwa kijiko, akaingia kanisani na mikono yake wazi, hakuruka hatua yoyote.

Majina nimeyabadili kama ulivyoomba. Lakini keki ya ute wa yai yenye jina la bibi harusi iko nyumba moja tu katika wilaya hii, na gazeti hutoka Alhamisi. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwa posta likufikie Jumatatu. Una siku tatu. Usiende na Nis, atacheka. Nenda peke yako, mchana, ukae jikoni kwake, useme: "Mama, sikuwa na mawe. Nilikuwa na aibu." Maneno hayo yanatosha. Halafu kaa kimya umwache aseme anachotaka, hata kama ni kikali, maana kidogo unastahili. Kisha mwombe kitu. Kina mama wa namna ile hawasamehe kwa maneno, husamehe kwa kazi. Mwombe siku ya meza akuwekee, kabla keki hazijaletwa, sahani ndogo ya samaki wa moshi na yai.

Na mezani? Utakula samaki wako na yai taratibu. Kisha utachagua keki moja. Moja, Mke wa Nis! Chagua ya mkate mweusi, kipande chembamba kama kadi ya mwaliko, krimu na yote, jamu kidogo, vijiko vitatu, ukiwa umekaa. Nyeupe ya sukari ipigwe picha iliwe na wengine. Nyingine kumi na mbili utazisifu kwa jina, moja moja, na sifa ziwe za kweli. Heshima ya mwenye meza iko katika meza kujaa, haijawahi kuwa katika tumbo la mgeni kupasuka. Nimekaa kwenye meza hizi miaka sitini na najua nilisemalo. Shangazi Metha mwachie Gunhild. Ukishamwambia mama mkwe wako ukweli, namhurumia shangazi atakayekusogezea sahani kwa nguvu.

Lakini kwa kuwa biskuti za pilipili manga haziwezi kurukwa, nami sina mawe wala aibu, mwambie Gunhild aongeze kiti kimoja kando yako. Zako zote kumi na tatu nitazionja mimi. Nakuja, Mke wa Nis, kabla mwezi huu haujaisha, Jumapili saa nane mchana, tena nakuja bila mkoba.

Bibi Thyra