Wamehamia Wapi

Tarehe 4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba uwe mzima, na lile goti liwe limeacha kugombana na ngazi za baraza. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako anakusalimu. Sasa ananizidi kimo, na ananizidi maneno pia.

Shangazi ameniambia simu umeifungia kabatini kwa sababu inalia kama mbu. Basi nimerudi kwenye kalamu, kama ulivyotaka tangu mwanzo.

Nina habari. Serikali imetangaza ruzuku za utafiti wa afya, elimu na ustawi wa jamii, na safari hii hata vyuo vidogo kama chetu vinaruhusiwa kuomba. Miaka tisa nimewafundisha wengine kuandika maandiko ya kuomba fedha, wakapata, wakaniletea keki. Sasa naandika la kwangu. Nataka kuwafuatilia wasichana walioacha sekondari kabla ya kumaliza: waliacha kwa nini, na maisha yaliwapeleka wapi.

Pale ofisi ya mfuko wa ruzuku hizo kuna karani tunamwita Bwana Viambatisho. Hata ukimsalimu anakuuliza, "Kiambatisho kiko wapi?" Amenieleza wazi kwamba andiko lisilo na kumbukumbu za shule ni porojo tu. Ndipo nikakumbuka madaftari yako ya mahudhurio, yale ya miaka kumi uliyoyahamishia nyumbani ulipokuwa mkuu wa shule, paa la stoo lilipoanza kuvuja. Si yapo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda? Naomba uniazime. Mwisho wa kupokea maombi ni siku ya mwisho ya Aprili.

Mwanao


Tarehe 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba, mama. Goti ni la mzee, lina haki ya kulalamika. Mengine yote ni mazima, na chai bado naipata kabla jua halijawa kali.

Nimefurahi kuhusu andiko lako. Nisikilize mimi niliyesahihisha insha miaka thelathini na moja: andika sentensi fupi. Wakubwa wanasoma kama watu wanaokimbia mvua.

Kuhusu madaftari, samahani sana. Mchwa wameyala. Mchwa hawana heshima kwa elimu. Tafuta shule nyingine. Hapo mjini zimejaa, tena kubwa kuliko yetu.

Sijakuambia: kamati ya shule inajenga maktaba, na itaitwa kwa jina langu. Mwenyekiti ni yule makamu wangu wa zamani, baba yako mdogo wa hiari, mwalimu wenu wa hesabu. Ukuta umefika madirishani.

Kuna kitu kingine, ni kidogo tu. Kila asubuhi saa moja na nusu, nikiwa barazani, kuna msichana wa shule anasimama getini kwangu. Amevaa ile sare ya zamani, yenye kola nyeupe. Nikinyanyuka, simwoni tena. Shangazi yako anasema hajaona mtu. Nadhani ni macho. Nitakwenda kupimwa miwani.

Baba yako


Tarehe 3 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, nawe natumaini hivyo hivyo.

Nilizungumza na Shangazi. Anasema alifagia chini ya kitanda wiki iliyopita na sanduku akalifungua mwenyewe. Madaftari yamo, makavu, yamefungwa kwa kamba ya katani. Mchwa gani hao wanakula halafu wanarudisha?

Sikukasirikii, nataka kuelewa tu. Kama unaogopa nitaiaibisha shule, tulia: sheria za utafiti haziniruhusu kumtaja mtu bila ridhaa yake. Nikikosa hayo madaftari, baba, nimekosa ruzuku. Shule za huku zinaniambia kupitia dirishani kwamba mwenye ufunguo wa stoo amesafiri.

Na hiyo miwani usiichelewe. Sare ya kola nyeupe ilikuwa yetu sisi. Siku hizi hakuna anayeivaa.

Mwanao


Tarehe 22 Aprili

Mwanangu,

Nisamehe kwa ukimya. Wiki saba nimeshika kalamu na kuiweka.

Shangazi yako anakuja kwako kesho na sanduku. Yamo yote kumi. Nilikudanganya, mimi niliyekufundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Usinihoji sasa. Peleka andiko lako kwa wakati.

Miwani nimepata. Sasa namwona vizuri zaidi, mpaka vifungo vya shati. Ila uso huuinamisha.

Baba yako


Tarehe 20 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Goti je? Macho je? Nimeanza kukuulizia macho kuliko vyote.

Andiko lilifika siku ya mwisho, saa tisa na dakika arobaini. Bwana Viambatisho aliyahesabu madaftari kama anayenunua mbuzi, akasema, "Haya ndiyo mambo." Tumevuka mchujo wa kwanza. Jana niliitwa mbele ya jopo, watu watano na mtungi wa maji. Mmoja ni profesa wa kike, mtu mzima, anayeongea polepole. Alikuwa amesoma madaftari yako mstari kwa mstari.

Akaniuliza, "Katika miaka kumi, wasichana kumi na wanne wameandikwa 'amehama', wote kwa wino mwekundu, wote katikati ya muhula. Mvulana aliyehama hakuna hata mmoja. Hii shule yenu, wasichana tu ndio wana miguu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Wamehamia wapi?"

Niliomba muda. Wamenipa mpaka mwisho wa Juni.

Jana hiyo hiyo waliponirudishia madaftari, niliyafungua tena. Katika mwaka wetu wa kidato cha pili kuna jina la Kinanda, yule tuliyekaa naye dawati moja, tukamwita hivyo kwa sababu alikuwa haachi kuvumisha nyimbo midomo ikiwa imefumba. Amehama. Nakumbuka ulinishika bega pale korido ukaniambia familia yake imehama ghafla, nisisumbuke kumtafuta.

Baba, ni mwandiko wako. Wamehamia wapi?

Mwanao


Tarehe 11 Juni

Mwanangu,

Mwili wangu mzima. Isome barua hii ukiwa umekaa.

Hawakuhama, hata mmoja. Wote kumi na wanne walikuwa wajawazito, na amri ya wakati ule ilikuwa waondoke. Ningeandika "mjamzito", mkaguzi angeuliza mimba ni ya nani, na mbona kila mwaka. Ukiandika "amehama", hakuna anayeuliza. Unapiga mstari, unaendelea na jina linalofuata.

Kinanda alikuja ofisini mwenyewe wakati wa mapumziko. Alifunga mlango taratibu, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Akasema, "Mwalimu, mimi sikutaka." Nikamuuliza ni nani. Akamtaja makamu wangu, yule aliyekuwa anakula kwetu kila Jumapili. Nikamwambia, "Binti yangu, usilirudie jina hilo popote. Nenda nyumbani." Hayo ndiyo niliyoyasema. Sikumfokea. Nilisema kwa upole, na upole huo ndio unaonirudia.

Alirudi asubuhi saba za shule mfululizo. Alivaa sare, akasimama nje ya geti saa ya kuita majina. Nilimwagiza mlinzi asifungue. Nikaita majina, nikaruka lake. Siku ya nane hakuja, nami nikamshukuru Mungu. Baadaye mtu aliniambia amefia kwenye uzazi. Sikumuuliza amejuaje. Ilinifaa iwe kweli, nikaiamini.

Sasa unajua ni nani anayesimama hapa.

Humu ndani kuna maelezo yangu, kurasa nne, nimeandika jina langu kamili na kutia sahihi. Mpe Bwana Viambatisho. Najua nimetia doa kwenye kazi yako, maana jina lako ni langu. Kuhusu maktaba, wafanye watakavyo. Usinijibu kama huna la kusema.

Baba yako


Tarehe 17 Novemba

Baba,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mkono umeizoea. Miezi mitano sikukuandikia. Kila Shangazi alipoleta salamu zako nilimwambia nina kazi.

Kazi kweli ilikuwepo. Ruzuku tumepata. Profesa aliyasoma maelezo yako kwa sauti mbele ya wenzake, akavua miwani, akasema, "Sina swali." Bwana Viambatisho alinikabidhi barua kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza hakuniomba karatasi.

Tumewatafuta wote kumi na wanne, mimi na wasaidizi wawili. Wawili wamefariki. Mmoja hajulikani alipo, hata ndugu zake hawajui. Kumi na mmoja tumewapata.

Kinanda ni mmoja wa hao kumi na mmoja. Yu hai, baba. Nairudia kwa sababu mimi mwenyewe nilihitaji kuambiwa mara mbili. Ana duka la kushona, mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka kwako. Nilimtambua nikiwa bado nje. Alikuwa anavumisha wimbo.

Nilimweleza unachokiona kila asubuhi. Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mwambie baba yako mimi sijafa, na kwake sijasimama. Asubuhi nina wateja."

Halafu akaniuliza, "Unajua zile siku saba nilikuja kwa nini?"

Nikasema, "Kumwomba baba akurudishe."

"Baba yako tulishamalizana. Dirisha la darasa letu lilikuwa linatazama geti. Nilikuwa nakungoja wewe, utoke uniulize kuna nini."

Nilimwona, baba. Siku zote saba. Nilikaa dirishani nikamwona, na siku ya tatu nikasogeza begi langu upande wake wa dawati. Nilipokuandikia kwamba ulinishika bega ukaniambia wamehama, niliandika kama mtu aliyedanganywa. Nilijua. Sikujua nini, lakini nilijua. Kwa hiyo sina jiwe la kukurushia, na ndiyo maana imenichukua miezi mitano.

Amekubali kuingia kwenye utafiti kwa sharti moja: uende wewe mwenyewe, siyo barua. Anaishi na binti yake. Anwani nimeiandika nyuma ya bahasha.

Mwanao


Tarehe 9 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliipokea mchana, na chai ikapoa mkononi.

Nilijiambia, kama Kinanda yu hai, basi kesho getini patakuwa patupu. Asubuhi yule msichana alikuwepo. Safari hii nilitembea mpaka kwake, na hakuondoka. Akainua uso. Mama, simjui. Nimeyapitia majina yote kumi na manne kichwani, sipati lake. Miezi yote hii nilimvisha uso wa Kinanda kwa sababu Kinanda ndiye pekee niliyewahi kumtazama.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya elimu, nikamshtaki makamu kwa maandishi, kwa jina lake. Kufika Jumanne sokoni watu walikuwa wanasalimia kikapu changu, si mimi. Jumatano nikapanda basi.

Kinanda alinionyesha benchi la wateja. Mashine hakuisimamisha. Njiani nilikuwa nimepanga maneno, nikaanza, "Nimekuja kukuomba..." Akasema, "Ngoja nimalize pindo hili." Nikangoja. Lilikuwa pindo la pazia, refu. Alipokata uzi akasema, "Haya, Mwalimu. Sema."

Nikasema yote, pamoja na ule upole. Akanisikiliza akiwa amenikazia macho.

"Nimesikia," akasema.

Hakusema amenisamehe, na sikuuliza. Nikamweleza nilichofanya Jumatatu, na kwamba watu wameacha kunisalimu. "Utazoea," akasema. "Mimi nilizoea." Akanipa maji ya kunywa, kwa sababu nimetoka mbali.

Binti yake muda wote alikuwa mezani anakata kitambaa. Ana miaka ishirini na sita. Anakunja paji la uso kama makamu alivyokuwa akikunja mbele ya ubao. Nilijizuia nisitazame mara ya pili. Nilipokuwa naaga akaweka mkasi chini.

"Mzee, mama ulimwandika amehama. Na mimi uliniandika wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mwanafunzi wa mbele, anayetaka kujua kweli. Katika kazi yangu yote sijawahi kukosa cha kumjibu mtoto, hata pale nilipokuwa sijui. Nilisimama mlangoni, kofia mkononi. Kinanda naye aliacha mashine, akanitazama.

Binti huyo akangoja kwa adabu. Alipoona hakuna kinachokuja, akaokota mkasi, akalainisha kitambaa kwa kiganja, akaendelea kukata.

Ukipata nafasi, njoo.

Baba yako