Mlinzi aliyekimbia, na mjomba mlangoni

Shosti umelala? Amka. Nimeaibika vibaya

Ile kazi ya mwalimu wa fasihi, ya kugeuza hadithi ya kale ya mlinzi aliyekimbia lango vitani iwe ya sayansi. Wangu nimemweka kwenye chombo cha angani. Moto unawaka, anajiokoa peke yake, watu anawaacha ndani

Kesho nasoma mbele ya darasa na unanijua, hata jina likiitwa sauti hainitoki. Nikaingia jikoni, nikaelekea ukutani, nikasoma kwa sauti

Nageuka, mjomba yuko mlangoni na kikombe chake

Mjomba. Dereva aliyeruka nje ya basi lake breki zilipokatika, abiria wakabaki ndani. Wallahi sikumfikiria hata kidogo, na nani ataniamini

Nikasema "Shikamoo mjomba." Shikamoo, na jioni tumekula pamoja

Akauliza, "Huyo mlinzi wako anaishia wapi?"

Nikamwambia anarudi, anafunga mlango wa kuzuia moto kwa mikono yake, anaungua mpaka anakufa, watu wanamsamehe

Halafu taratibu kabisa, "Kwa hiyo mwanangu, lazima afe ndiyo wamsamehe?"

Lazima afe. Kaniuliza mimi, nimekodoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango

Akasuuza kikombe, akaenda kulala

Kile kifo nimekifuta. Sasa mlinzi yuko hai, amesimama nje kwa ndugu zake anabisha hodi, na sijui nimwandike nani wa kumfungulia