Siku ya Kuweka Jembe Chini

Kwako Mapendo, mtoto wangu wa kwanza,

Umekula? Koti lile zito unalivaa? Najua karatasi haiwezi kunijibu, lakini nisipouliza hayo kwanza mkono wangu hauendelei. Shule yangu unaijua, niliishia darasa la nne kule Uvira, basi nikikosea neno lisome kama ningelisema. Barua hii sikuifunga. Mama Riziki, mwenzangu wa saluni, naye anamtuma binti yake Ulaya akalee watoto wa watu na kuishi nyumbani kwao kama wewe. Nimemwambia aisome kabla hajampa mtoto mashauri kama niliyokupa mimi.

Unayakumbuka hayo mashauri. Tulikuwa tunakunja nguo zako kitandani, hapa Albert Park, huku ugenini tunakoishi, lifti imekufa tena, na sanduku lako linangoja kushushwa ghorofa saba kwa miguu. Nikakwambia, "Kwa watu usikae mikono mitupu. Wakiamka wakukute umeshaamka. Ukiona sahani, osha, usingoje kutumwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Ukacheka. "Mama, naenda kuangalia watoto wawili. Siendi kulima."

"Nyamaza, nisikilize," nikasema. Nilikuwa naogopa, na mama akiogopa husema mengi.

Ukayafuata yote, na hilo ndilo linaloniuma. Karatasi mliyotia sahihi na Madamu Hélène na mume wake, huko Ubelgiji, ilisema watoto, na kazi ndogo za nyumbani, na siku moja nzima kila juma iwe yako. Lakini uliona sahani ukaosha. Uliona mashati ya baba wa nyumba ukayapiga pasi. Watu ukiwazoesha huzoea. Kufika mwezi wa tatu ulikuwa unasafisha na nyumba ya bibi wa watoto kila Jumamosi, na Jumapili wao wakienda kutembea wanakuachia watoto na kukwambia, "Wewe ni kama binti yetu." Ukanipigia mchana mmoja, sauti iko chini chini, nyuma yako nasikia pasi inapuliza mvuke.

"Mama, mji huu naujua kwa dirisha tu. Jumatano nitaongea nao mezani."

Nikakwambia uvumilie. Ukasema umevumilia vya kutosha. Tukaagana, na mimi nikabaki na kichwa cha mteja nusu kimesukwa. Niliona watakurudisha. Nikafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nasikia joto usoni. Namba ya Madamu uliniachia ya shida tu, ya ugonjwa. Nikaichukua, nikamtumia ujumbe wa sauti kwa Kifaransa changu hiki cha sokoni: "Madamu, pardon, huyu bado mtoto. Kazi atafanya. Hata Jumapili atafanya. Msimrudishe."

Jumatano ukaweka karatasi yako mezani, na Madamu akashangaa. "Lakini mama yako amesema Jumapili si shida." Akakusikilizisha. Ukakaa pale mbele ya watu unamsikia mama yako akiitoa Jumapili yako bure.

Mtu mwingine angelia, au angenitukana. Wewe ukawaambia, "Mama yangu ananipenda, ndiyo maana anaogopa. Lakini aliyetia sahihi ni mimi. Kwetu mgeni akifika siku ya tatu anapewa jembe. Mimi mlinipa siku ya kwanza, nikalipokea kwa mikono miwili. Ninaomba tu siku ya kuliweka chini."

Ulinisimulia baadaye kwamba baba wa nyumba alisimama, akautoa ufunguo wa nyumba ya mama yake kwenye msumari unaotundika funguo zako na kuutia mfukoni mwake. Madamu alinuna siku mbili. Ya tatu akakuletea ramani ya mabasi. Si watu wabaya. Walikuwa hawajaambiwa, na mimi ndiye niliyekufundisha kutosema.

Na ningepaswa kukujua. Ulikuwa na miaka kumi na moja, unanipitishia nywele za kusukia, na mteja mmoja akaacha mtoto wake mikononi mwako "dakika mbili," akarudi jua linazama. Ukamkabidhi mtoto vizuri, ukasema, "Mama, amekula mara mbili, amelala mara moja. Kesho ukimleta, lete nepi, na useme unarudi saa ngapi." Mimi nikakufinya mkono. Yule mama akacheka, "Eish, huyu mtoto ana mdomo." Lakini kesho yake alikuja na nepi, na saa akaisema, na akarudi saa ileile. Nilikuona siku hiyo, Mapendo. Nilikufinya kwa sababu mimi mwenyewe maisha yangu yote sijawahi kuweza kusema maneno kama yale.

Sasa saluni nzima nimewasimulia. Nawaambia binti yangu aliongea bila kupandisha sauti na watu wakasimama kumsikia. Mama Riziki anasema nimezidi kujisifu. Nimemwambia asuke nywele.

Lakini liko jambo moja. Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani, ulinipigia kwa video. Ulikuwa kwenye benchi kando ya mto, niliona pumzi yako inatoka kama moshi. Nikakupitisha kwa shangazi, kwa wadogo zako, kwa mke wa mchungaji. Ukasema, "Mama, niache nitembee kidogo, mwanga unaisha." Nikasema, "Ngoja, msalimie na Mama Riziki." Ukamsalimia. Mwanga ukaisha.

Nilipokuwa naosha sufuria ndipo iliponijia. Wao wamekupokea jembe, na mimi kila Jumapili nakushikisha tena.

Basi Jumapili hii usipige. Mimi nitakaa na simu mapajani, nitahangaika, hiyo ni kazi yangu na nimeizoea. Wewe tembea. Uje uniambie Jumatatu, ukipata nafasi, huo mto unakwenda wapi.

Kaa na Mungu, mwanangu. Ila koti vaa.

Mama yako