Mghoi Hataimba Tena na Swabra

Tudor, Mombasa
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu pamoja na za Baba Mghoi na za mjukuu wako. Sisi ni wazima, ila joto la huku halina huruma. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea shangazi unaipaka, au umeificha kabatini kwa sababu hukuinunua mwenyewe? Nakujua. Na mvua za vuli zimefika huko milimani, au bado mnatazama mawingu tu?

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Mama, wewe ukipokea simu unaifungulia sauti, na aliye jikoni anasikia, na aliye shambani kwa jirani anasikia. Haya ninayokuandikia si ya jirani. Hata hapa, kuta za hizi fleti ni nyembamba mno, mpangaji wa juu akikohoa mimi ndiye ninayeamka. Kwa hiyo nimeifunga bahasha kwa gundi, na juu ya gundi nimebandika utepe. Binamu Mwadime ndiye anayekuletea. Ni mtu mzuri, lakini ukikuta utepe umebanduliwa, nijulishe.

Jambo lenyewe ni la sherehe ya kufunga mwaka shuleni kwetu. Shule yetu ni ya serikali, iko ukingoni mwa Mji wa Kale, na watoto wengi ni Waislamu wa Kibokoni. Wakristo ni wachache, watoto wa watu waliokuja kutafuta kazi kama sisi, wanaotoka Majengo na huku Tudor. Hata hivyo, tangu nihamishiwe hapa, siku ya kufunga muhula wa mwisho ilikuwa ni siku ya Krismasi. Mwalimu Mkuu aliyekuwepo alikuwa mtu wa bara, na ndivyo alivyopenda. Tulikuwa tukisimamisha tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga, tunalipachika pamba ziwe theluji, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona, kisha kwaya yangu inaimba. Ilikuwa kwaya ya watoto wote, wa dini zote. Mghoi wetu alisimama katikati na rafiki yake Swabra wa Kibokoni, wakipokezana beti, na wazazi wengine wanafuta machozi. Katika shule nzima ile, kwaya ndiyo kitu pekee nilichoweza kusema ni changu.

Mwaka huu tumeletewa Mwalimu Mkuu mpya, mama wa mji huuhuu, wa ukoo wenye asili ya Arabuni uliokaa hapa vizazi na vizazi. Ni mpole, na anatabasamu sana. Mimi mtu anayetabasamu kabla sijamwambia kitu huwa namtazama mara mbili. Basi akatuita walimu, akasema shule ni ya umma na sherehe yake haiwezi kuwa ya dini moja. Itakuwa ya sikukuu zote: Maulidi, Krismasi, na Diwali pia, kwa kuwa Gredi ya Tano tunaye Hetal, mtoto wa Kihindu, mmoja tu shule nzima. Kila sikukuu itaonyeshwa na wenyewe, na wengine watakaa wasikilize. Hakuna mtoto atakayeimba ibada isiyo ya kwao bila mzazi wake kuridhia.

Maneno mazuri, sivyo? Mimi nilisikia kitu kingine. Wenyewe wa Krismasi ni watoto wa kuhesabu kwa vidole. Ukiwasimamisha peke yao mbele ya shule iliyojaa, watu wataona nini ila udogo wetu? Nikainua mkono nikauliza kwa nini Maulidi iliyokwisha kupita irudishwe kwenye karamu ya Krismasi.

"Na Krismasi haijafika, Mwalimu," akanijibu. "Itakuja shule zimefungwa."

Walimu wakacheka. Nikawatazama mmoja mmoja nijue nani amecheka zaidi.

Kisha akanipa kazi ya kuandaa sherehe pamoja na Bi Rukia, anayefundisha Dini ya Kiislamu. Huyu ni mama mtu mzima wa Kibokoni, mwenye salamu ndefu. Asubuhi atakwambia sabalkheri, atauliza umeamkaje, atauliza mume, mtoto, wazazi, na goti lako pia analijua na analiulizia. Mimi nilikuwa najibu yote huku najiuliza anatafuta nini.

Wiki ileile watoto wakaanza kutoweka mazoezini. Leo huyu kichwa kinamuuma, kesho yule ametumwa dukani na mamake, halafu Swabra naye haji. Nilimuuliza mbele ya Mghoi, akatazama viatu vyake. Siku moja nilishuka Kibokoni kununua uzi, nikamwona Bi Rukia kwenye baraza ya kina Swabra. Amekaa na mamake Swabra, vichwa vimekaribiana. Nikasimama kwenye duka la mkabala nikajifanya nachagua vifungo hadi mwenye duka akaniuliza kama nashona sare za jeshi. Sikusikia hata neno moja, lakini nilirudi nyumbani nimeshahukumu. Nilimwambia Baba Mghoi kuwa Bi Rukia anazunguka nyumba kwa nyumba kunivunjia kwaya. Yeye alikuwa ametoka zamu bandarini, akasema, "Muulize mwenyewe," akalala. Wanaume, ndiyo dawa yao hiyo.

Tukaja kwenye chakula. Wazazi walichangia mbuzi, na kila mtu akachukulia kwamba atachinjwa na Mwislamu, kama inavyofanyika kila mahali ili wote wale. Hata wewe Mama, Krismasi humwita yule baba wa duka la sokoni aje achinje. Sijawahi kuona ubaya wake. Lakini safari hii nilikuwa na kinyongo, nikauliza kikaoni: kama sikukuu zote ni sawa, kwa nini kisu kiwe cha upande mmoja? Mambo yakachafuka. Mzazi mmoja akasema tununue mbuzi wawili, mwingine akauliza sufuria zitatofautishwaje, mwingine akauliza nani atalinda miiko isichanganywe. Mamake Hetal alikuwa amekaa kimya pembeni. Bi Rukia ndiye aliyekumbuka kumuuliza yeye anaonaje. Akasema kwao hawali nyama kabisa, lakini tusisumbuke, mtoto wake atakuja ameshakula nyumbani. Niliona haya, Mama. Tulikuwa tunagombania mbuzi, na mtoto mzima hatukumhesabu. Mbuzi akarudishwa kwa mwenyewe, tukakubaliana mahamri na mbaazi za nazi. Hilo likaisha, ingawa nilitia alama moyoni kwamba mbaazi zilipangwa kupikwa kwa Bi Rukia.

Sasa sikia lililonifanya niandike. Jioni moja Mghoi alikuwa bafuni akioga. Nilipita na beseni la nguo, nikasikia anaimba, na haukuwa wimbo wangu. Nikaweka beseni chini, nikasogea mlangoni. Alikuwa anaimba kaswida, ya kumsifu Mtume, kwa Kiarabu na Kiswahili, bila kukosea wala kukwama, sauti yake ileile uliyosema aliirithi kwako. Nilipogusa mlango akanyamaza. Akatoka na taulo, nikamuuliza amefundishwa na nani. Akasema anafanya mazoezi na Swabra kwa Bi Rukia, na siku ya sherehe atasimama naye.

Mama, nililiacha beseni palepale chini. Nilijiambia, wamechukua kwaya, sasa wanachukua na mtoto. Sikumpiga wala sikumkemea, lakini sikulala vizuri. Asubuhi nilimvizia Bi Rukia langoni, na alipoanza sabalkheri zake sikumwachia amalize. Nikamwambia mtoto wangu amebatizwa, nyanyake ni wa Umoja wa Mama kanisani, na haimbi nyimbo za dini nyingine kwa siri nyuma ya mgongo wangu.

Aliweka mkoba wake chini. "Alinambia mamake ajua," akasema. "Na yuwaimba vizuri, sikumtilia shaka. Kosa ni langu, nalipaswa kukuuliza. Leo hii nitamtoa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, si kwa kuombwa radhi. Nikauliza basi alikuwa anatafuta nini kwa kina Swabra siku ile.

"Nalikwenda kumtuliza mamake," akasema. "Na mwaka jana nalikuja kwako wewe, Mama Mghoi. Nikakwambia mamake Swabra hana raha, mwanawe yuwasimama mbele ya watu akiimba kwamba Mungu ana mwana. Wakumbuka ulinambia nini? Ulinambia, 'Ni nyimbo tu, Bi Rukia.' Mimi leo sikwambii kwamba ni kaswida tu."

Akachukua mkoba wake akaingia darasani.

Nilisimama pale langoni watoto wananipita. Ni kweli alikuja. Nilikumbuka hata nilikuwa nasahihisha madaftari na sikuinua kichwa. Niliona aibu sana, na kwa vile mimi ni mwanao, aibu hiyo haikunizuia kuwaza kwamba labda amekubali upesi hivyo ili anifunge mdomo. Mpaka sasa sijaamua. Lakini mchana alimwita Mghoi, akaongea naye kwa upole na kumtoa kwenye kaswida. Mghoi hakunisemesha hadi siku ya sherehe yenyewe.

Siku ikafika. Tawi la mvinje lilisimama kama kawaida, bila pamba safari hii, na hakuna aliyeiulizia. Hetal aliwasha taa za udongo na kueleza kwa nini wanaziwasha, mamake akagawa ladu, vile vitamu vyao vya mviringo, na mimi nikala yangu baada ya kuona wengine wamekula. Kaswida ikaimbwa vizuri. Mimi sikuwa nikiitazama kaswida, nilikuwa namtazama Mghoi kwenye benchi kama midomo yake inacheza. Haikucheza. Aliibana kama mtu aliyeshika pini mdomoni, na maneno yote anayajua.

Ikaja zamu yetu. Watoto wangu walikuwa wachache vilevile nilivyoogopa. Wavulana wa nyuma wakaanza kuchekacheka, Bi Rukia akainuka, akawatazama tu, wakanyamaza. Mghoi akaimba beti zake na zile za Swabra pia. Hakukosea. Na Swabra alikuwa amekaa mstari wa mbele, buibui lake limenyooshwa, macho kwa Mghoi, na midomo yake imebanwa vilevile.

Watu walipiga makofi. Mwalimu Mkuu aliniambia kila mmoja amepata haki yake, na afisa wa elimu aliyealikwa akasema shule nyingine zije zijifunze kwetu. Mbaazi zilikuwa tamu, nakiri, nazi haikubaniwa. Nilitafuta kasoro katika mpango mzima nikakosa. Hakuna aliyeonewa. Kila mmoja aliimba ya kwao na kusikilizwa. Labda hicho ndicho kilichonitia wasiwasi zaidi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Mghoi mbele, mimi nyuma na ndoo. Tulipokaribia mlangoni akageuka na kunisemesha.

"Mama, sasa mimi na Swabra tutaimba nini pamoja?"

Nikamwambia ule wimbo wa taifa. Akanitazama, Mama, kwa macho yako yale unayomtazamia muuza nyanya anayekudanganya. Akaingia ndani. Tangu shule zifungwe Swabra hajaja hapa, wala Mghoi hajaomba kwenda Kibokoni. Hawajagombana. Nimemuuliza mara kadhaa, anasema hapana. Ila zamani nilikuwa nawafukuza na kelele zao, na sasa naisikia redio ya jirani neno kwa neno. Inaniuma, na sina wa kumlaumu, na kukosa wa kumlaumu ni jambo nisilolizoea.

Nifikishie salamu kwa kaka mkubwa, na umwambie paa la jiko asilipige rangi kabla sijaja kuliona. Msalimie shangazi mwenye dawa, na wifi aliyejifungua, mtoto nimbusie. Mchungaji msalimie pia, lakini haya ya kaswida usimwambie, nitamweleza mwenyewe kwa mpango wangu.

Na umsalimie bibi mkongwe wa nyumba ya chini, dada yake marehemu nyanya. Kaa naye siku moja asubuhi akiwa na nguvu, umwombe akuimbie ule wimbo waliokuwa wakiimba wanawake wakipura maharage, wa kupokezana, huyu anatoa na yule anaitikia. Uniandikie maneno yake yote, hata yale asiyoyajua maana. Nataka niwafundishe watoto wawili muhula ujao, na maneno nitampelekea mamake Swabra ayasome kwanza. Lakini Mama, kabla hujaniandikia, mchunguze bibi vizuri wimbo huo ulikuwa ukiimbiwa nani.

Binti yako akupendaye,
Wakesho