Mahali pa Ojok Kwenye Santuri

Jumatatu, 2 Juni 1975
Foleni ya sukari tena. Imekwisha kabla sijafika mlangoni. Nimerudi kambini Naguru na chumvi.
Ila santuri ya bendi ya Wana Fizi imetoka. Hatimaye! Walikwenda Nairobi kuirekodi mwaka juzi, tukadhani wamezama huko. Kasongo, mwimbaji wao, ameonekana baa ya Kansanga na katoni nzima.
Wengine wanangojea gitaa. Mimi nangojea jina. Katika wimbo wao wa Bukavu, muziki ukikolea, Kasongo huita majina ya marafiki wa bendi. Kila Jumamosi aliita: Ojok, fundi wa Naguru! Kaka yangu ndiye aliyewatengenezea amplifaya, bure. Akisikia jina lake alikuwa anaruka kama mtoto. Kasongo aliapa litaingia kwenye santuri.

Jumatano, 4 Juni
Opio hataki. Mume wangu, askari polisi mzima, anaogopa santuri. Eti kambi ya polisi ina masikio. Naye alikuwa wa kwanza kucheza pale Kansanga, ubavuni mwa shemeji yake.
Tangu Ojok atiwe na watu wa usalama kwenye buti la gari, asionekane tena, humu ndani tunasema "yule". Mama kijijini ameacha hata kuuliza. Nimechoka na "yule". Kaka yangu ana jina.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeipata, kwa mwenye duka Bugolobi. Gramafoni ya Ojok iko chini ya kitanda. Betri zimekufa. Mpya hakuna mji mzima.
Nimezianika juani kando ya nguo, zipate nguvu kidogo. Jirani amecheka. Acheke.

Ijumaa, 6 Juni
Ovyo! Tarumbeta zimejaa mpaka gitaa limezama. Na kinanda, nani aliwaomba kinanda? Wimbo wa kwanza wote ni sifa za wakubwa wa jeshi. Miaka yote tumengojea hii?
Betri zikalegea. Kasongo akawa anaimba kama ng'ombe mgonjwa. Wimbo wa Bukavu uko upande wa pili, sijaufikia. Nimelia kwa hasira, nikazianika tena.

Jumamosi, 7 Juni
Nimeusikia. Majina yameitwa. Mwenye baa. Meneja. Kapteni fulani, huyo wa kwanza kabisa. Nikashika kitanda, maana baada ya meneja ndipo pa Ojok.
Hakuna. Gitaa peke yake, basi.
Wamemfuta. Hata hawa, waliokula ugali wangu. Nimeifunga santuri kwenye gazeti. Kesho namrudishia Kasongo mwenyewe.

Jumapili, 8 Juni
Kutoka kanisani moja kwa moja Kansanga. Nimemtukana Kasongo bila salamu, mbele ya wateja. Nimemwita mwoga, nimemwita asiye na shukrani. Amengoja nimalize, akanivuta nyuma ya baa.
"Dada Akello, wakubwa wa jeshi walinikataza kuita Ojok. Wakasema weka Kapteni pale. Nikakataa. Kapteni nikamuweka mbele. Nikaambia mpiga gitaa, hapa pa Ojok usiingize mtu, piga peke yako."
Akaniuliza kama nililisikiliza gitaa hilo mpaka mwisho. Sikuwa nimelisikiliza. Nilizima palepale.
Nimeona aibu, lakini hasira haijaisha. Sijui tena ni ya nani. Nimerudi na santuri kwapani.

Jumatatu, 9 Juni
Foleni ya sabuni. Nimepata mche mmoja.
Jioni nimepiga upande wa pili, chinichini, dirisha nimefunga. Opio alikuwa anang'arisha viatu vya kazi. Nilidhani atanizuia. Hakunizuia. Tarumbeta bado zinaniudhi.
Kapteni akapita. Mwenye baa, meneja. Gitaa likabaki peke yake. Nikainamia gramafoni ili nilitaje jina mwenyewe.
Opio ndiye aliyesema, polepole, macho kwenye kiatu:
"Ojok, fundi wa Naguru."
Tukausikiliza wimbo mpaka mwisho. Kesho nitaanika betri mapema.