Nukta Nyekundu Ihanda

Jumatatu, 4 Machi 2013

Nimefungua ofisi, nimefagia, nimechemsha chai. Kisha nikamsomea Mzee Halinga magari yake kama kila asubuhi. Yeye yuko chumbani kwake, mimi niko kwenye kompyuta upande wa pili wa ukuta, napaza sauti. La Sumbawanga limefika. La Kitwe linapakua. La Yona liko foleni Kasumbalesa, mpaka wa Kongo. Leo yote yalikuwa kweli. Si kila siku huwa hivyo.

Magari yalifungwa traka mwezi uliopita. Kila gari ni nukta kwenye ramani: likitembea ya kijani, likisimama nyekundu. Lakini modemu ni moja na imechomekwa kwangu, kwa hiyo nukta naziona mimi tu. Mzee anasikia sauti yangu basi.

Leo katangaza kwamba kesho anakuja fundi kutoka Mbeya kufunga waifai. Kila mtu ataona magari mezani kwake, hata kwenye simu. Halima wa kaunta kapiga kigelegele. Mimi nikatabasamu nao.

Niandike, maana hakuna wa kumwambia. Yona, mdogo wangu, ananyonya dizeli ya gari. Si pipa, ni vidumu. Akitoka hapa Tunduma kwenda Dar anasimama Ihanda, karibu na nyumbani kwetu, kuna watu wanakuja kuchukua. Bati za nyumba ya mama zimetoka huko. Najua. Krismasi nililala chini ya bati hizo, mvua ikapiga, nikasinzia kwa raha zote. Mwezi uliopita nukta yake iligeuka nyekundu pale mara mbili. Mara zote mbili nikapaza sauti: liko foleni ya mizani Mpemba, Mzee. Foleni ya huku nani ataibishia?

Siku za mwizi ni arobaini. Za dada yake sijui ni ngapi.


Jumanne, 5 Machi

Fundi kaja. Anaitwa Lusekelo, ana kitambi, anaongea bila kuulizwa. Ameleta visanduku viwili. Kimoja kinapokea modemu. Kutoka hapo unakwenda waya mpaka kisanduku cha pili, cheupe, kama sahani, kinachokaa darini. Hicho ndicho kinachorusha mtandao vyumbani. Mwenyewe anakiita aksesi pointi. Anasema kinafanya kazi kama bomba la kupulizia kahawa dawa, ukilishika vizuri kila jani linalowa. Hapo nikamwelewa.

Kisanduku cha modemu akakiweka dirishani kwa sababu pale mtandao ulikuwa umejaa. Sikusema kitu. Mtu wa Mbeya hajui. Dirisha lile linatazama Nakonde, ng'ambo ya mpaka, hata simu yangu nikiisahau pale inashika mnara wa Zambia na saa yake inarudi nyuma. Mpaka jioni bando la mwezi mzima lilikuwa limekwisha. Laini ilikuwa Zambia kutwa nzima na sisi tumekaa Tanzania.

Mzee kafoka mpaka kakohoa. Mimi nilifurahi. Ni aibu lakini nilifurahi.


Jumatano, 6 Machi

Umeme hakuna. Sijawahi kuushukuru mgao namna hii.

Simu ya Yona haipatikani. Laini ya Bongo kaizima, ya Zambia inaita upepo. Nimemtumia ujumbe: usisimame nyumbani. Umegoma kwenda.


Ijumaa, 8 Machi

Umeme umerudi. Lusekelo kakihamishia kisanduku cha modemu upande wa ndani, kaifunga laini isikimbilie tena Zambia. Halafu sahani nyeupe. Kwanza aliiweka juu ya kaunta. Chumbani kwa Mzee ikawa inafika kimstari kimoja, tena kinakuja na kupotea. Ukuta ule ni wa tofali mbili za kuchoma. Nikauombea ukuta. Kweli kabisa, nilisimama na birika mkononi nikauombea ukuta.

Haukusaidia. Akasema sahani itakaa katikati ya korido, juu, ione milango yote. Akapanda darini. Akaniomba nimshikie ngazi. Nikashika. Nilikuwa namshikia ngazi mtu anayekuja kumwumbua mdogo wangu, na ilipotikisika nikaishika kwa nguvu zaidi asianguke.

Alipomaliza, akaunganisha laptopu yake kwa waya, akaandika tarakimu fulani, ukurasa ukafunguka. Jina la mtandao, kaandika jina la kampuni. Neno la siri, Mzee akanigeukia, akasema achague Mama Neema, kompyuta ni yake. Kichwa kikawa kitupu. Nikasema Ihanda. Sijui kwa nini. Lusekelo akaongeza tarakimu mwishoni, Halima akaliandika kwa kalamu nene na kulibandika ukutani kila mtu alione.

Neno la siri lililobandikwa ukutani. Hata kucheka nilishindwa.


Jumamosi, 9 Machi

Nimefanya upumbavu. Saa saba wote walitoka kwenda kula. Nilisema nimefunga, ni Kwaresima. Nikapanda juu ya kiti nikauchomoa waya kwenye ile sahani. Taa yake ndogo ikazimika. Nikashuka kama nimeiba mtoto wa mtu.

Mzee karudi, kapiga kelele kwamba waifai imekufa. Lusekelo katazama mara moja tu. "Ah, mama, waya umechomoka. Panya hao." Kauchomeka tena mpaka ukalia tik, kisha kaupigilia vishikizo ukuta mzima usichezeke. Panya alikuwa amesimama pale pale anamshikia misumari.

Saa kumi Mzee aliyaona magari yake kwenye simu yake kwa mara ya kwanza. Alicheka kama mtoto aliyepewa andazi. Akanipa mkono, akasema bila mimi fundi angehangaika peke yake. Halafu akatuita wote, akatoa agizo. Gari lililobeba shaba likisimama pasipo kituo, dereva anarudisha funguo. Maelezo hataki.

La Yona limebeba shaba.


Jumatatu, 11 Machi

Hakuna aliyeniomba nisome magari. Nilifagia, nikachemsha chai, nikakaa. Asubuhi ilikuwa ndefu.

Nukta ya Yona iko Nakonde, nyekundu. Foleni. Safari hii ya kweli.


Jumanne, 12 Machi

Yona kavuka. Kaingia uwanjani amenyoa, anacheka, ananisalimia Kizambia, "Mulishani, dada!" na dumu la mafuta ya kupikia ya Zambia mkononi. Nikamvuta nyuma ya tangi la maji. Nikamweleza yote, traka, waifai, agizo, na jinsi nilivyokuwa nadanganya kila asubuhi.

Akaliweka dumu chini. Kisha akasema, "Haki ya Mungu dada, nimeacha. Bati zimetosha. Kesho Ihanda napita moja kwa moja mpaka Mbeya, sisimami."

Namjua akisema uongo, anashika sikio. Hakushika sikio. Nilimwamini. Nimekula leo, tangu Jumatatu ile sikuwa nakula vizuri. Sasa nalala.


Jumatano, 13 Machi

Yona kaondoka saa nne. Mvua.

Mzee alikuwa na mgeni, mwenye ule mzigo wa shaba. Akatuita chumbani aonyeshe waifai yake. Laptopu mezani, sisi tumesimama nyuma yake. Nukta ya kijani ikatoka Tunduma. Mgeni akasifu. Ikafika mizani Mpemba, ikasimama, ikaendelea. Mgeni akasifu tena. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu. Ikafika Ihanda.

Ikapungua mwendo. Ikageuka nyekundu.

Mzee hakufoka. Aligeuka akanitazama mimi, maana anajua natokea huko. "Mama Neema, hapo pana nini?"

Zamani ningesema mizani. Lakini mizani ilikuwa nyuma, imeandikwa kwenye ramani, kila mtu anaiona. Nikasema, "Nyumbani kwetu."

Halima alitazama sakafu. Nukta ilikaa nyekundu kiasi cha mtu kumaliza kikombe cha chai, kisha ikawa kijani, ikaenda zake. Mzee alikuwa ameshapiga simu Mbeya dereva mwingine amsubiri.

Namchukia Yona leo. Nimeandika na sifuti.


Alhamisi, 14 Machi

Nafuta.

Yona karudi kwa basi na begi lake, kaweka funguo zake za akiba mezani kwa Mzee, katoka. Nikamfuata nje nikiwa nimejiandaa kumtukana. Akanieleza bila kunitazama.

Ni mama. Mama anauza viazi vitamu pale kando ya barabara, mwaka wa ngapi huu. Gari la Yona analijua kwa kabini ya bluu na kwa kile kipande cha kitenge chake alichokifunga mwenyewe kwenye kioo cha pembeni. Akiliona linatokea anainuka, anachukua kikapu, anasogea barabarani. Jana alisogea vilevile kwenye mvua. Yona anasema alishapunguza mwendo apige honi tu apite. Halafu akaona miguu ya mama iko ndani ya tope. Akasimama. Akala viazi viwili, akanywa chai ya chupa, mama akamwombea safari, akaondoka. Hakuna kidumu kilichotoka. Mbeya wamepima tangi, halikupungua.

Nilikwenda kwa Mzee. Nikamwambia tangi limepimwa. Akasema anajua. Nikamwambia alisimamishwa na mama yake. Akasema, "Nilisema maelezo sitaki." Kisha akavua miwani. "Na wewe, asubuhi zote zile, ulikuwa unanisomea nini?"

Alinitazama kidogo, akavaa miwani, akaendelea na kazi. Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza.

Nimekaa kitandani nawaza jambo moja tu. Nilimwonya Yona. Mama sikumwonya. Ana simu, namba yake naijua kichwani. Ilikuwa maneno manne: mama, kesho usisogee barabarani. Nilihangaika na ukuta, na waya, na panya. Mama hakunijia akilini hata kidogo. Nani anawaza kumzuia mama asimpe mwanawe viazi?


Jumapili, 17 Machi

Yona kavuka Nakonde kutafuta kibarua cha kupakia mizigo. Mtu wa leseni, mgongoni gunia. Kaniapisha mama asiambiwe, atamwambia mwenyewe akipata gari jingine. Magari mengine wapi, na wenye magari wote wa Tunduma wanapigiana simu. La kuvunda halina ubani.

Mama alitaka niende Ihanda tusali pamoja. Nikamwambia naumwa. Angenisoma usoni kabla sijakaa.


Ijumaa, 22 Machi

Waifai inafika mpaka chooni. Halima kajaribu.

Dereva mpya wa lile gari ni mpole. Anaamkia vizuri. Kile kitenge hajakifungua, anasema kinampendeza.


Jumatano, 27 Machi

Mvua nyepesi. Ofisi imetulia, kila mtu na skrini yake.

Gari la kabini ya bluu lilivuka jana, leo limekwenda Dar. Nililifuatilia kwenye kompyuta yangu. Hakuna aliyenituma. Saa tano lilipita Ihanda, nukta ya kijani, halikupunguza mwendo.

Hazikupita dakika nyingi mama akapiga. Akanisalimia, akauliza hali ya Neema. Akasema Yona kapita sasa hivi. Alisogea na kikapu, akainua mkono, gari likapita. Hata honi hakupiga. Kioo kilikuwa kimefungwa, hakumwona vizuri, lakini kitenge kipo palepale. Akauliza kama siku ile alimkosea neno. Au labda viazi havikuiva.

Nikasema hapana mama, viazi viliiva. Alikuwa anawahi foleni ya mizani Mpemba.

Akasema, "Ah, basi. Foleni zao hizo." Akasema safari ijayo atamchemshia mahindi, anaweza kuyala huku anaendesha, atampitishia tu dirishani.

Mizani iko kabla ya Ihanda. Gari lilikuwa limeshaipita. Mama hana ramani, ameniamini.