Kanga Iliyorudi Maji Moto

Dada yangu Kalunde,

Asubuhi hii nimeikuta kanga yako juu ya jiwe, pale wagonjwa wanapovua nguo. Ile nyekundu ya Kijapani, yenye kiraka nilichokishona kwa uzi mweusi kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Nimekaa chini pale pale, dada.

Unakumbuka vibanda sita vya mama vya kulaza wageni? Watu walishuka kwenye treni ya Tabora na viuno vyao na magoti yao mabovu, na wazee wengine walikuja kwa miguu, kwa njia ile ile ya misafara. Mwenye duka mmoja wa mjini, aliyekuja kuogea mgongo wake, akatuambia huko Japani kuna vijiji vizima vya maji moto namna hii: watu wanalala, wanaoga, wanakula, wanaoga tena. Ulicheka mpaka ukaangusha ndoo. "Basi sisi ni Japani ya wenye njaa!" Tangu siku hiyo, kila mgeni akishuka unaninong'oneza, "Nyamizi, Mjapani huyo."

Na mwiko wetu ulikuwa unaujua. Mgonjwa, au mtu aliyetoka msibani, akishaoga anaiacha nguo aliyokuja nayo juu ya jiwe, anaondoka na nyingine. Haiokotwi, maana ugonjwa au msiba umebaki humo. Mama alikuwa akizichoma kila Jumamosi. Mimi nikaiokota. Ulikuwa unaolewa Sikonge na sikuwa na cha kukupa. Kanga ilikuwa bado mpya, imechanika pembeni tu. Nikaifua mara tatu, nikaitia kiraka, nikakupa.

Mtoto wako wa kwanza alipokufa, nikakuungamia mwenyewe kwamba kanga niliiokota jiweni. Mjinga mimi! Hukunipigia kelele. Ulisema tu, "Usinifuate Sikonge."

Sikukufuata. Mama akafa, vita vikaja vikaisha, kanga za Kijapani zikatoweka madukani, sikukufuata. Miaka yote hiyo nilijua umeichoma.

Leo nimemkuta binti nyuma ya kibanda, anajikausha nywele. Ana paji lako la uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka wapi, mwanangu?"

"Sikonge. Tumemzika mama."

Ndivyo nilivyopata habari zako, Kalunde. Nikamuuliza habari za ile kanga. Akasema, "Ya mama. Alipewa na mdogo wake. Ametubeba sote mgongoni na hiyo, watoto wanne. Hakutaka nyingine."

Wanne! Mbona hukuja kuniambia? Treni ipo, baiskeli zipo, hata salamu kwa mtu hukutuma? Nimekukasirikia, dada, na wa kugombana naye sina.

Binti yako ameondoka na treni ya mchana. Sikumwambia mimi ni nani. Ulisema nisikufuate, na nikaogopa kwamba hata kumfuata yeye ni kukufuata wewe. Sasa najuta, stesheni ilikuwa hatua mia tu.

Vibanda vimebaki viwili. Leo ni Jumamosi, na nguo za wiki nzima nimezichoma kama mama alivyotufundisha, zote isipokuwa moja. Hiyo nimejifunga, nakuandikia nikiwa nayo. Kama kuna ugonjwa wa mtu humo, na uwe wangu.

Pumzika, Mjapani wangu.

Mdogo wako,
Nyamizi